Samli ya Mama Ilivyonilaza Hospitali

Ninyi mnaonisifu leo kwa wembamba wangu hamkuniona miaka ile tulipopata uhuru. Nilikuwa karani hapa Kakamega. Mzungu alipoondoka nikapewa meza yake, na pamoja na meza nikaota kitambi. Watu walikipongeza kana kwamba kimefaulu mtihani! Nyumbani tulipikia mafuta ya kopo, yale meupe ya kuganda, maana tuliamini ya kumiminika ni ya watu wasio na mshahara. Ujinga mtupu.

Siku moja nikipanda ngazi za ofisi, kifua kilibana. Mkono wa kushoto ukawa mzito, jasho la baridi likanitoka, nikatapikia shati mbele ya makarani wenzangu. Hospitalini daktari alisema, "Mishipa ya moyo wako inazibwa na mafuta. Acha samli, acha hayo ya kuganda. Pikia mafuta ya maji, tena kidogo. Kula karanga, simsim, samaki."

Mke wangu Agneta alilishika neno hilo. Mboga aliipikia kijiko kimoja cha mafuta ya simsim, kuku alimtoa ngozi. Nikapungua, nikaanza kupumua vizuri. Hapo ndipo ndugu walipoanza kuniudhi. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, basi kila mmoja alileta kuku aliyenona, akakaa pale kuhakikisha nimekula mpaka mkia. Wakitoka nje, wananong'ona kwamba Agneta ananinyima chakula.

Kisha akaja mama yangu kutoka Butere, na chupa ya samli kikapuni.

"Huyu mwana wa wenyewe anakupikianga nini?" aliuliza, akimsema Agneta. "Mafuta kama maji! Hiyo ni ya kupaka miguu."

"Mama, daktari amekataza."

"Daktari ndiye alikuzaa?"

Agneta alikuwa mwalimu, kwa hiyo mchana mama ndiye aliyenipakulia. Alimimina samli kwenye mboga yangu kila siku, wiki mbili nzima. Niliijua kwa harufu kabla sijaketi. Si ningesema? Sikusema! Nilimaliza obusuma, ugali wetu, na mboga yote ili mama asione haya. Hilo linanikera mpaka leo.

Wiki ya tatu nilianguka njiani kwenda chooni, kifua kinawaka, nikajinyea. Mama alilia njia nzima hadi hospitalini: "Amemuua kwa njaa! Amemuua mwanangu!" Wauguzi wakamtazama Agneta kwa jicho baya. Yeye aliinamisha kichwa tu.

Daktari aliniuliza, "Umekuwa ukila nini?"

Nikaona nikifa kimya, mke wangu atazikwa na jina la muuaji.

"Samli, daktari. Mama alitia, nami nilijua. Agneta hana kosa."

Mama alichukua kikapu chake akarudi Butere bila kuaga. Mimi nililala kitandani mwezi mzima, kisha nikajifunza kutembea upya, hatua kumi, hatua ishirini, Agneta kanishika kwapa.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na mke wangu aliyetukanwa akiniokoa. Nanyi, pikieni mafuta ya maji na msiyamimine ovyo kwa kuwa ni mazuri. Na mkiletewa sahani ya kuwaua, irudisheni, hata kama mpishi ni mama. Wangu alininunia miezi miwili. Na anune! Afadhali mama anayemnunia mwanawe kuliko anayemzika.