Mwalimu na Mwalima

Sisi tuliotafuna muhogo mbichi njiani kutoka masomo kule Mboko, tukacheza nzango, ule mchezo wa wasichana wa kurukaruka na kupiga makofi, mpaka vumbi likaingia kwenye meno, tunalijua neno moja ambalo vijana wa mji wa Baraka leo wanadhani limezaliwa kwenye simu. Mimi nilikuwepo lilipozaliwa, na lilimwangukia baba yangu.

Baba alifundisha darasa la mwaka wa pili. Enzi zetu mwalimu alikuwa mtu wa kuogopwa. Ukimwona barabarani unageuza njia, hata kama hujakosa lolote. Lakini mshahara wake ulichelewa mpaka tukasahau kuuulizia. Kila alfajiri alipanda mlima kwenda shambani, akarudi, akanawa miguu, akafunga tai, akaingia darasani akinukia sabuni na udongo.

Siku ya mkutano wa wazazi mvua ilimkuta shambani. Aliingia amechelewa, jembe begani, matope mpaka magotini. Papa Byaombe, mvuvi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya ziwa, akasimama.

"Miye nilileta mutoto wangu kwa mwalimu. Sasa mbona naona mwalima?"

Mwalima, yaani mtu wa kulima. Wazazi waliangua kicheko mpaka madawati yakalia. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Nilishtuka. Sikuwahi kuona mtu akimcheka baba. Yeye mwenyewe alisimama kama aliyepigwa kofi kanisani.

Neno likaota miguu. Bamama sokoni wakamuuliza, "Mwalima, muhogo iko?" Watoto wa kijiji cha Lweba, ambao hata hawakumjua, wakatuimbia. Baba akaacha kwenda shambani. Magugu yakaota, bukari, ugali wetu, ikapungua kwenye sahani, hadi siku moja mama akamwambia mbele yetu:

"Ile haya yako, tutaipika na majani ya sombe?"



Sasa, Papa Byaombe alikuwa na binti, Neema, tuliyesoma naye. Baba alihangaika naye mwaka mzima na bado jina lake mwenyewe lilimshinda kuandika. Siku hizo Neema aliokota mabaki ya rangi, akaandika ubavuni mwa mtumbwi wa babake: MWALIMA. Papa Byaombe hakujua kusoma. Alidhani kuna mtu amemwandikia neno la Mungu. Akavua nalo, akauza samaki nalo mpaka Nundu na Baraka, akishangaa kwa nini kila ufukwe anapokelewa kwa vicheko.

Alipoambiwa ni neno gani na nani ameliandika, alikuja kwetu mbio, amemkamata Neema mkono. Nikajua mtoto atachapwa.

"Mwalimu, kuja uone kazi ya mwanafunzi wako! Ameniharibia mtumbwi!"

Baba alishuka nao ufukweni, sisi nyuma yake. Alizitazama zile herufi, akazigusa moja moja kwa kidole.

"Papa Byaombe," alisema, "ameandika bila kosa."

Papa Byaombe alimgeukia binti yake.

"Neema? Neema wangu anajua kuandika?"

Akamwachia mkono. Maandishi hakuyafuta, alizunguka nayo ziwani mpaka mbao zikaoza, na huo utani ukafika kila mahali mtumbwi ulipofika. Baba naye alirudi shambani, mchana kweupe. Mtu akimwita mwalima, alimjibu, "Karibu, lakini kuja na jembe."

Juzijuzi kijana mmoja, mwalimu mwenye diploma, shati limepigwa pasi, aliketi kwenye duka langu hapa Baraka, macho kwenye simu.

"Maman, unajua tofauti ya mwalimu na mwalima? Hiyo imetoka Kinshasa hii wiki!"

Nilitaka kumcheka. Watoto wa leo, hata ukiwaambia mvua imetoka Kinshasa wanaamini. Kisha akanyoosha mkono kupokea soda, nikaona viganja vyake: malengelenge, na udongo chini ya kucha.

Enzi zetu tulicheka tukiwa na hakika kwamba utani ule utazeeka na kufa kabla yetu, kwa kuwa watoto wetu watakaosoma watakuwa walimu tu, bila jembe.

"Na weye unalima wapi?" nilimuuliza.

"Kule juu ya Lweba, maman. Tutakula nini?"

Akacheka. Akanisubiri na mimi nicheke.