Fundi Aliyengoja Moyo Utakate

Dukani kwa fundi yule kulikuwa na sheria moja: nguo ya kurekebishwa haipokelewi bila kufuliwa. Ukimpelekea suruali yenye jasho abadilishe zipu, aliinusa, akaikunja, akakurudishia. "Nenda kaifue kwanza, baba. Cherehani yangu si beseni." Watu walinung'unika, wakaenda kufua, wakarudi, kwa sababu pindo lake halikuwa na mfano.

Na ukikaa kwenye benchi kusubiri, ulisikia habari za mdogo wake. Aliyefuata zipu aliondoka na zipu na hadithi nzima: jinsi fundi alivyomlea yule mtoto tangu mama yao afariki, akamfundisha kazi, akampa godoro chumba cha pili, naye shukrani yake ikawa kumchukulia mume. Mume mwenyewe alishakufa. Hasira haikuzikwa naye. Ilibaki pale dukani, ikifungua na kufunga mlango pamoja na mwenye duka.

Kanzu nyeupe za ubatizo za kanisa zima alizishona yeye, lakini hakuwahi kuvaa hata moja. Mchungaji akimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Bado, baba mchungaji. Acha kwanza niumalize huu uchungu. Moyo ukitakata nitakuja." Na kweli alijitahidi. Alifunga, alifagia kanisa, aliamka akiwa ameapa kutomtaja mdogo wake. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamtaja.

Asubuhi moja mchungaji aliingia dukani. Alikuwa mzee mwenye magoti mabovu, mwepesi wa kucheka.

"Niongezee kanzu moja, mwanangu. Kuna mtu mwingine wa kubatizwa."

"Vipimo vyake?"

"Yuko nje. Anaogopa kuingia."

Fundi alichungulia. Mdogo wake alisimama kwenye jua, amekonda, ameukumbatia mkoba kama mtu anayetazamia kupigwa.

Mkasi ulitua mezani. "Huyo? Aingie majini huyo, mimi nibaki ukingoni nimeshika taulo?"

"Ametubu. Amemwamini Yesu."

"Lini? Juzi? Mimi miaka yote nausugua moyo wangu mpaka umechanika."

"Nani alikwambia uusugue?"

"Baba, hata mimi sipokei nguo chafu. Itakuwa Mungu?"

Mchungaji alicheka mpaka akalitafuta benchi kwa mkono. "Kumbe umempa Mungu sheria ya duka lako. Yeye anapokea chafu, mama. Kama tungeweza kujisafisha wenyewe, Mwanawe angekufa msalabani kwa ajili ya nini?"

"Hata na hasira hii?"

"Hasira, na yote uliyoyasema kwenye benchi hili. Mpelekee Mungu."

Neno hilo la benchi lilimchoma. Siku zote alijiona mtu aliyekosewa, basi. Hakuwahi kufikiri kwamba naye ana la kusamehewa. Sasa aliwakumbuka wateja waliotoka pale na kumfungia mdogo wake milango, mmoja akimnyima chumba, mwingine kazi, kwa sababu ya mdomo wake.

Alipiga magoti papo hapo, katikati ya vipande vya vitambaa. "Bwana Yesu, nimekosewa, unajua. Lakini na mimi nimekosa. Nimejaribu kujisafisha, nimeshindwa. Nichukue hivi hivi nilivyo."

Alilia kwa muda mrefu. Aliponyanyuka aliitafuta hasira pale ilipozoea kukaa, akakuta pumzi inashuka mpaka chini bila kizuizi.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu. Ni bure."

Akaenda mlangoni. "We, ingia. Jua litakuua."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, nilikukosea. Sina la kujitetea."

"Ulinikosea sana. Nimekusamehe. Nimetoka kusamehewa mimi sasa hivi, goti bado lina nyuzi. Na mimi nimekuchafua mji mzima, unisamehe." Mdogo wake aliitikia kwa kichwa huku machozi yakimtiririka. "Haya, inua mikono nikupime. Mbona umebaki mifupa? Unakula nini wewe?"

Jumapili walikuja kubatizwa wawili, mkubwa akatangulia majini. Mchungaji alimuuliza kama anamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wake. "Namwamini," alijibu, kwa sauti iliyofanya watu wa ukingoni wacheke kwa furaha. Akazamishwa, akaibuka, maji yanamwagika usoni, na kabla mwalimu wa kwaya hajainua mkono, fundi alikuwa ameshauanzisha wimbo. Aliuanza juu mno, mahali ambapo sauti ya mtu haifiki vizuri. Mdogo wake, aliyekuwa akingoja zamu yake, akaudaka kutoka ukingoni, na kwaya nzima ikalazimika kupanda kuwafuata.