Kwa Heshima ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa simu mjini Kakamega, na kwa kazi hiyo watu huniheshimu kuliko ninavyostahili. Mtu akiniletea simu iliyotumbukia chooni, hunitazama kama daktari wa upasuaji. Basi mke wangu aliponiambia kuna kikundi cha wazazi wenye watoto wagonjwa kama wetu, wanaokutana mtandaoni kila Jumamosi saa nane mchana, nilikubali kujiunga kwa ajili ya mitambo tu. Moyo wangu, nilimwambia, hauna kasoro.

Binti yetu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao kwetu wengi wanauita sikoseli. Tuliujua akiwa na miezi minane, vidole vyake vilipovimba bila sababu. Sasa ana miaka tisa na mdomo mkubwa kuliko wangu, na siku akiwa mzima huwezi kudhani. Lakini maumivu yakimshika miguu na mgongo, tunatoka hapa mtaani Shieywe mbio hadi wodi ya watoto, naye analia kilio ambacho hadi leo sijakipatia neno.

Niseme ukweli ulivyo: mimi nilikuwa nakimbia.

Nilikimbia kwa adabu. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Yeye akiingia, mimi natoka. Tukikutana njiani, anajitanda khanga na kupita kando. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na mama mkwe wangu, mkulima wa miwa kule Musanda, ameishika heshima hiyo kama anavyoshika jembe. Kila binti yetu alipolazwa, alikuja na chupa ya uji wa wimbi. Na kila alipotokea mlangoni, mimi niliinuka, nikainamisha kichwa, nikapita ukutani, nikaenda zangu kibandani kutengeneza simu ambazo hazikuwa na haraka yoyote. Manesi walinisifu. Mama mkwe naye alinisifu huko Musanda, kwamba wakwe wa siku hizi hawana haya lakini wake anayo. Sifa zote nilizipokea.

Mshauri wa kikundi alikuwa binti mwenye sauti ya upole, akizungumza nasi kutoka Nairobi. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba ni marufuku kusema "tuko sawa". Sheria hiyo ilitumaliza. Sisi watu wa huku, hata ukitukuta nyumba inaungua, tutakwambia tuko sawa, tunamshukuru Mungu. Mama mmoja wa Matungu alipoulizwa anajisikiaje, alitoa asalaam aleikum yake kamili, akamjulia hali kila mmoja wetu na watu wa nyumbani kwa mshauri, na alipofika kwenye hali yake mwenyewe bando likaisha. Baba mwingine, mwongoza wageni msituni Buyangu, ilimbidi apande kilima ndipo apate mtandao, na kila alipotaka kusema jambo zito tulisikia upepo tu. Mimi nilijifanya fundi wa wote. "Mama, sauti yako imezimwa. Mzee, geuza kamera, tunaona paa."

Kwenye kona ya chini ilikaa picha ya mke wangu, ile aliyopiga siku ya ubatizo akiwa na kilemba cha njano. Hakuwasha kamera wala sauti hata siku moja. Nilijua yuko kwenye meza yake ya vitambaa sokoni, anasikiliza huku anahudumia wateja.

Jumamosi ya tano mshauri aliuliza swali moja: mtoto akishikwa na maumivu, wewe unakuwa wapi? Baba wa Buyangu alisema humshika mwanawe miguu na kumwimbia, tena vibaya. Ikafika zamu yangu. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.

"Mimi naogopanga," nikasema. "Akianza kulia, macho yangu yanatafuta mlango. Nangojanga mama mkwe aingie ndio nipate njia ya kutoka. Watu wanasema ni heshima. Si heshima. Nikiona ile chupa yake ya uji, nafurahi kama mtoto wa shule amesikia kengele."

Mshauri akanishukuru, na nikajiona mwepesi kama nimetua gunia. Nilifunga kibanda nikaenda sokoni kuona uso wa mke wangu. Nilimkuta anakata kitenge.

"Umesikia?"

"Nisikie nini? Mimi siingianga, Jumamosi wateja ni wengi."

"Lakini nimeona picha yako. Ya kilemba cha njano."

Akaweka mkasi chini. "Hiyo iko kwa simu yangu ya zamani. Ile ulitengeneza tukampatia mama. Nilimuingiza kwa kikundi, si ni yeye anakaa na mtoto wakati wa likizo?"

Kinyozi hajinyoi. Nimefuta picha na majina kwenye simu za nusu ya mji huu kabla hazijapata wenyewe wapya, na ya nyumbani kwangu nikaiacha vilevile.

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika. "Miaka hii yote nilikuwa najivunia vile unamheshimu mama yangu," akasema. Hilo liliniuma kuliko kicheko, kwa sababu lilikuwa kweli.

Nilianza kujiuliza kama kwa wiki tano mimi na mama mkwe tulikuwa tumekaa chumba kimoja. Wazee waliotuwekea miiko hawakuacha maagizo yoyote kuhusu video. Kutoka Musanda hakukuja neno. Zamani kila mtu aliyetoka huko aliniletea salamu zake, na mwaka ukiisha ingokho, yaani kuku, mzima aliyefungwa miguu. Sasa hata salamu zilikauka.

Kisha, Jumanne moja asubuhi, maumivu yakarudi. Mke wangu alikuwa ameenda Kisumu kuchukua vitambaa, kwa hiyo nilimbeba binti yetu mwenyewe hadi wodini. Akawekewa maji na dawa. Nilikaa kando ya kitanda, jicho moja kwake, jicho moja mlangoni. Saa nne nesi akaja.

"Baba, kuna mama hapo nje kwa benchi, ako na uji. Nimemwambia aingie, amekataa. Anasema wewe uko hapa ndani, na yeye anakuheshimu sana."

"Mwambie natoka sasa hivi."

Nesi akaenda, akarudi. "Anasema usijisumbue. Yeye atakaa hapo nje mpaka jioni."

Hapo nikaelewa: yeye haingii, nami sina wa kumwachia mtoto. Nilikuwa nimenaswa kwa mtego wangu mwenyewe, tena kwa adabu kamili.

Binti yangu alikuwa ananitazama. "Baba, Kukhu amekuja," akasema. Kukhu ndiye nyanya yake. "Si sasa unaenda?"

Hakuuliza kwa lawama. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

"Siendi," nikamwambia.

Nikaomba maji ya moto kidogo, nikalowesha kitambaa, nikamfunga magoti kama nilivyosikia wenzangu wakieleza Jumamosi. Nikamsugua mgongo. Alilia, nami nikalia, na sikujaribu kujificha. Katikati ya machozi akanikemea. "Pole pole, baba. Mimi si simu." Uji ulipita mikononi mwa nesi hadi kwetu, nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Alasiri dawa ikamshika, akalala akiwa amefumbata kidole changu, na sikuthubutu kukivuta.

Jumamosi iliyofuata mshauri aliuliza kama kuna mwenye neno. Kwa mara ya kwanza, sauti ya picha ya kilemba cha njano ikafunguka. Tulisikia kuku kwanza, kisha kikohozi, kisha mama mkwe wangu, ambaye hakumtaja mtu.

"Mimi sinanga maneno mengi," akasema. "Juzi nilikaa inje ya wodi. Nikasikia mjukuu wangu analia. Halafu nikasikia mtu mukubwa naye analia. Nikasema, sasa atatoka. Nikangoja." Akakohoa tena. "Hakutoka."

Mshauri, asiyejua lolote, akauliza ni nani huyo ambaye hakutoka. Mimi nilizima kamera yangu upesi, na jioni nikamwambia mke wangu kwamba nilifanya hivyo kwa heshima.