Bamba la Chuma la Qali

Miaka ile wakimbizi walipokuwa bado wanamiminika kutoka Liboi, Qali Gelle alikuwa mpishi katika makazi ya wafanyakazi wa shirika moja la maji, karibu na kambi ya Ifo. Alikuwa mjane wa Garissa, na alikuja kazini na bamba lake la chuma la kuokea anjera, ile mikate laini yenye matundu. Vikaango vilikuwapo jikoni, lakini anjera aliioka juu ya bamba hilo tu. Lilikuwa la mamake.

Alhamisi moja Qali alikwenda sokoni. Huku nyuma ndege ilimletea Rodel, fundi wa visima kutoka Ufilipino, kifurushi ndani ya sanduku la barafu. Rodel alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alitamani chakula cha kwao. Qali aliporudi alikuta jiko linanukia tangawizi, vitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Mate yalimjaa kinywani. Vipande vyembamba vya kabichi vilikuwa vimeanguka sakafuni, na bamba lilikuwa limepanguswa na kurudishwa mahali pake.

Asubuhi alimimina unga uliochachuka. Anjera haikunata hata kidogo, naye akafurahi. Alikula kwa chai, kisha akampelekea Nunow, mzee aliyelinda lango, ambaye Qali alimwita adeer, kama mtu amwitavyo baba yake mdogo.

Alipokwenda kumwaga taka ndipo alipoiona karatasi ya nailoni iliyochorwa mnyama wa rangi ya waridi, mnene, anayecheka. Hakuwa ngiri wa porini aliyezoea kumwona akikimbia mkia juu. Huyu alikuwa nguruwe wa kufugwa, na damu yake ilikuwa imeganda kwenye mikunjo.

Qali alitapika nyuma ya tangi la maji mpaka ikabaki nyongo. Alisugua ulimi kwa majivu na mswaki, akatema, akasugua tena. Kisha akaenda kumtafuta Rodel.

"Jana umepika nini juu ya hii chuma?"

"Nyama ya kusaga na kabichi, mama. Nimekuwekea kidogo kwenye friji."

"Nyama ya nini?"

Rodel aliiona ile nailoni mkononi mwake, uso ukamshuka. "Pole, mama. Sikufikiri. Lakini nilipangusa."

"Ulipangusa," alisema Qali. Alitazama vidole vyake, akaona mafuta yaliyokauka kandokando ya kucha.

Sasa alibaki Nunow, naye alikuwa amekula. Qali angeweza kunyamaza, na mzee asingejua maisha yake yote. Alimkuta anakunja mkeka baada ya sala ya dhuha.

"Adeer, ile anjera ya asubuhi ilikuwa na mafuta ya nguruwe. Yule fundi alipika kwa chuma yangu. Wallahi sikujua."

Nunow alikuwa ameweka anjera moja ya kula mchana ndani ya kitambaa. Aliikunjua, akaitazama, akawatupia korongo waliokuwa wakingoja kando ya shimo la taka. Kitambaa nacho akakitupa.

"Hukujua, nami sikujua. Mwenyezi Mungu anasamehe," alisema. "Chuma ioshe mara saba, mara moja kwa udongo. Itakuwa twahara."

"Na tumbo langu, adeer, nitaliosha na nini?"

Mzee alikuwa amegeuka kando, anatema mate.

Qali aliliosha kama alivyoambiwa, akalianika juani, akajaribu tena. Anjera ilitoka nzuri, lakini kila tundu lilimetameta machoni pake kama tone la shahamu. Aliitupa. Jioni alimpelekea Rodel lile bamba chumbani kwake.

"Chukua. Sasa ni yako. Pika mbali na mimi."

Rodel aliona haya, akamnunulia jingine Garissa, na kwa lile la zamani akawa anakaanga nyama zake nyuma ya jenereta. Bamba jipya Qali alilifunga kwa shuka, likawa linalala chini ya kitanda chake, mtu asiliguse. Aliendelea kuwapikia wafanyakazi, lakini mwenyewe hakuonja tena kitu cha jiko lile. Kila mchana binti wa Nunow alileta wali kutoka Ifo, na Qali na mzee walikula nje ya lango, kila mmoja akinusa kwanza kabla ya kutia tonge kinywani.