Nilimpa counsellor ushuhuda wa kanisani, akangoja niseme ukweli

Wakuu, salamu kutoka mji wetu wa Salama. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Leo wacha niandike yangu, na sitaongeza chumvi, kwa sababu kuna mtu wa hii stori atasoma kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari hapa Mombasa Road. Bibi yangu, Ndinda, alifariki akijifungua mtoto wetu wa kwanza. Mtoto akapona. Msichana, tukamwita Mwende.

Baada ya mazishi nikampeleka kwa mama mkwe, kule milimani Mbooni. Nikasema ni kwa muda.

Muda ukawa miaka saba.

Nilikuwa natuma sukari na nguo. Krismasi napanda kile kilima, nakunywa chai, nashuka. Mtoto alikuwa na uso wa mamake, mpaka pengo la meno. Kumwangalia nilikuwa siwezi.

Na mama mkwe tungeongea aje? Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe, hata machoni hamuangaliani. Kila mtu alilia kwake.

Kanisani nako kila mtu alikuwa na dawa. Funga uombe. Shukuru kwa yote. Mzee mmoja akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, eti nioe. Ndinda alikuwa koleo kwani?

Lakini kwa ushuhuda nilikuwa hodari, wakuu! "Nilipoteza mke, lakini Mungu ni mwaminifu, Bwana asifiwe!" Makofi. Kesho yake niko garage natupa spana mpaka wateja wanaruka.

Halafu mama mkwe akatuma ujumbe. Macho yake yalikuwa yanaisha. Shule ikifungwa, nimchukue Mwende au aende kwa shangazi yake kule Zombe. Nikajua akienda huko Kitui ndani, huyo si mtoto wangu tena.

Bibi ya pastor akaniambia kuna mama, nurse, anafanya counselling kila Jumanne kwa chumba cha Sunday school. Tumwite Mama Kasyoka. Nikaenda anipe jibu moja tu: nimchukue, nisimchukue?

Nikakalia kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Nikamwaga ushuhuda wote. Nikamaliza, "Bwana asifiwe."

Hakusema Amen, wakuu! Mama wa kanisa! Alisema tu, "Umesema Bwana asifiwe, na umekunja ngumi."

Nikawaka. "Mama, mimi nikiletewa gari nasikiliza engine nasema ni gasket. Wewe niambie shida yangu ni nini."

"Umechoka kubeba hii kitu peke yako. Unataka mtu akuambie la kufanya."

"Si hiyo ndio nimesema!"

"Ndiyo. Nimekusikia."

Nilitoka nikiapa sirudi. Huyo si counsellor, ni kasuku.

Jumanne iliyofuata nilifika kabla yake. Miaka saba hakuna mtu alikuwa amenisikiliza bila kunirekebisha.

Mara ya tatu nikaanza ushuhuda tena. Nikafika hapo kwa "lakini Mungu," nikakwama. Ikatoka ingine.

"Ningeulizwa siku ile nichague, ningechagua Ndinda. Mtoto ndiye angekufa."

Nikangoja anifukuze. Nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Hilo ni zito," akasema. "Hata mimi limeniuma kulisikia. Na umekaa nalo miaka saba."

Hakuniambia nitubu. Nililia vile sikulia kwa kaburi. Na nikishaanza kupumua nikajua kitu: huyo mtoto sikuwa namchukia. Nilikuwa namwogopa. Niliogopa siku ataniuliza nilikuwa wapi.

Mama Kasyoka hakuwahi kuniambia nimchukue. Shule ilipofungwa nilipanda Mbooni mwenyewe nikamleta.

Wiki ya kwanza Mwende hakuongea na mimi. Siku moja mchana napika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, akasimama mlangoni.

"Mimi nimekukasirikia. Ulikuwa unakuja kunywa chai tu."

Aiii! Ulimi ulikuwa tayari: mtoto haongei hivyo na babake! Nikaumeza. Nikaketi chini.

"Umenikasirikia," nikasema. "Nilikuwa nakuja kunywa chai tu."

Akaniangalia. Halafu akaanza kuongea, na akaongea mpaka muthokoi ikaungua. Tulikula mkate.

Juzi juzi ndio nimesikia hiyo kazi ya Mama Kasyoka inaitwa person-centred therapy. Sijaisomea. Najua tu alinichukua vile nilikuwa, hakujifanya, na aliamini jibu ninalo mwenyewe. Kwa hivyo ukiwa na mtu amefiwa, weka ushauri wako mfukoni kwanza. Kaa naye.

Mwende sasa ni mama wa watoto wawili. Ndiye alinifungulia hii account, na amesoma kabla sijapost. Anasema nimesahau kuandika kwamba ule mkate ulikuwa mkavu sana. Ni kweli, ulikuwa mkavu.

Haya wakuu, na nyinyi? Kama kuna kitu hamjawahi kumalizia kusema, andikeni hapa chini. Msipotaka kuweka Bwana asifiwe mwishoni, sawa tu. Nawasikia.