Binti Yangu Alinikabidhi Msaada wa Shule Kama Hanijui

Admin, pole na kazi. Mimi nifiche, mtaa uache tu, maana Igogo wapara samaki tuko wengi na sote tunanuka sato. Nina miaka arobaini na sita, mjane, mzaliwa wa Ukerewe. Nina mtoto mmoja tu, binti, yuko kidato cha sita. Naandika huku nalia, kwa hiyo nikikosea mnisamehe.

Baba yake alipofariki, mdogo wangu anayeishi Buswelu alisema, "Dada, niletee huyo mtoto, huku kuna shule nzuri." Nikampeleka. Ada nimeihangaikia mimi kwa kisu changu na sufuria la mafuta, lakini vikao vya wazazi alikuwa anakwenda mdogo wangu, kwa sababu samaki hawangoji kikao. Binti anamwita mama mdogo, na mbele ya watu ile "mdogo" ikawa inadondoka yenyewe. Shuleni wote wakajua yule ndiye mama. Mimi niliona si neno, mtoto ni wa ukoo. Nikimkumbuka nilikuwa naenda mwenyewe Buswelu Jumapili. Hapa Igogo nilihamia baada ya msiba, na yeye alikuwa hajawahi kufika.

Sasa shule yao ina utaratibu: kidato cha sita hakuna mahafali mpaka wafanye huduma kwa jamii. Wengine wanapanda miti, wengine wanakwenda hospitali. Kundi la binti yangu lilipangiwa kufagia mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kugawa msaada kwa wajane. Hakuniambia. Mjumbe wa mtaa naye akapeleka majina yetu bila kutuuliza, tukaambiwa tu tuoge, tuje tupokee.

Nimesimama na wajane wenzangu, naona sare zinashuka kwenye basi la shule, na yeye yumo. Tulionana macho kwa macho. Nikasema moyoni, sasa atakuja kunikumbatia, wajue nami nina mtu. Mwalimu akampa ndoo yenye sukari, sabuni na kanga, akamwambia, "Wewe, mkabidhi mama huyu." Mwanangu akapiga goti. "Shikamoo mama." Sauti ilikuwa ya mtoto wa jirani. Nikaitika, "Marahaba mwanangu," na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu huku kwetu kila mtoto ni mwanangu.

Mwalimu alikuwa anarekodi kwa simu. Akauliza, "Mama, una watoto wanaosoma?" Nilimwangalia binti yangu. Ndoo bado kaishika upande mmoja na mimi upande mwingine. Nikajibu, "Mungu hakunijalia mtoto." Ndugu zangu, sijui yale maneno niliyatoa wapi. Nilitaka tu kumwokoa. Wanafunzi wakasema pole mama, mmoja wao akafuta machozi. Mwenzangu ninayeuza naye, anayejua kila kitu, alisubiri waondoke ndipo akaniambia, "We mwanamke, umejifanya tasa kwa ajili ya ndoo ya sukari?"

Jioni binti alipiga simu, analia. "Mama nisamehe, nilishikwa na bumbuwazi." Nikamuuliza, ni harufu ya samaki ndiyo uliyoionea haya mbele ya wenzio? Akazidi kulia. Afadhali angenidanganya.

Ningemeza, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini ile video imependwa sana shuleni. Juzi mwalimu amekuja mwenyewe mpaka kwenye jiko langu, kijana mwenye adabu, hata siwezi kumchukia. Anasema mahafali ni Jumamosi, na kundi lile ndilo limeonekana limefanya huduma bora, hivyo uongozi unaniomba niwe mgeni wao. Gari litanifuata. Nitakaa mbele, kisha nitasimama niseme maneno mawili: niwashukuru wazazi kwa kulea watoto wenye huruma. Alipoondoka nilibaki na kisu mkononi, wateja wananiita siwasikii.

Nilimpigia binti nikitegemea atasema usije. Akasema, "Mama, njoo. Ukikataa watauliza kwa nini." Nikamuuliza, na shada atakuvisha nani? Maana siku hiyo wazazi wanaitwa mmoja mmoja, wanawavisha watoto wao mashada ya maua, watu wanapiga vigelegele. Akasema taratibu, "Mama mdogo ameshanunua. Lakini wewe utakuwa mbele, mama, utaniona vizuri."

Mdogo wangu naye nimeongea naye. "Dada, hata mimi nimeuchoka huu uongo," akasema, "lakini tukiuvunja siku ile, anayeumbuka ni mtoto. Ana mitihani mbele yake. Vumilia siku moja." Na amesema kweli.

Nikienda, nitakaa pale nimpigie makofi mdogo wangu anapoitwa mama wa mwanangu. Nisipokwenda, nitaikosa siku ambayo nimepara samaki miaka yote ili niione. Nikisema ukweli kwenye kipaza sauti, mwanangu ataingia kwenye mtihani huku anachekwa, na mimi nitaonekana mwongo aliyekula msaada. Nimeomba kanisani, nimefunga, sipati jibu. Nimechoka, ndugu zangu, na hasira yenyewe sijui nimwekee nani.

Naombeni ushauri wenu, ila msimtukane mwanangu, bado ni mtoto. Leo asubuhi mwalimu amenitumia ujumbe, anauliza kwenye kile kiti cha mbele wabandike jina gani, na waandike mimi ni nani. Bado sijamjibu. Nimwambie anakuja nani?