Bando la Kuongea kwa Mikono

Juzi, mjini Kamembe, nilisimama kwenye foleni ya kibanda cha kuuza bando. Mbele yangu mama mmoja wa Nyakabuye aliomba bando la intaneti la bei ya chini kabisa.

“Chukua ya dakika, Maman,” muuzaji akamwambia. “Hii ya intaneti itaisha mbio.”

“Dakika hazitanisaidia. Mutoto wangu hasikiake. Tunaongeaka na mikono, kwa video.”

Muuzaji alinyoosha mkono. Akachukua simu ya mama, akazima vitu vilivyokuwa vikila data bure, akapunguza ubora wa picha, kisha akamuuzia bando dogo la wiki.

“Sura haitaonekana muzuri sana, lakini mikono utaiona. Jaribu.”

Mama akapiga simu ya video, na binti yake akatokea kwenye kioo cha simu. Mama alitaka kumjibu, lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika simu. Muuzaji akaipokea, akamshikia usawa wa uso hadi walipomaliza. Foleni nzima ilisubiri bila kunung'unika. Sikuelewa hata neno moja, ila mama na binti walikuwa wakicheka.

Zamu yangu ilipofika nilinunua bando langu kubwa la mwezi, ambalo kwa kawaida huishia kwenye kutazama video za watu wasionijua. Safari hii nilianza kwa kumpigia dada yangu kwa video.